Mjomba, Simu Ilikuwa Ndani ya Chumba cha Pumba

Mbeya,
Jumapili, 13 Novemba 2005

Mjomba,

Leo imetimia miaka miwili na miezi minne tangu niondoke Ikwiriri, na ni siku ya ishirini na tano tangu uondoke wewe. Mimi niliondoka bila kukuaga. Wewe ulitaka kuniaga, ukanikosa. Hilo ndilo lililonikalisha kitandani leo na kalamu, siku yangu ya kupumzika, wakati wenzangu wamekwenda kuangalia mpira.

Nakutolea salamu kama wanavyozitoa watu wapitao makaburini, kwa sauti ndogo, nikiamini zinafika.

Barua zangu zote za nyumbani nilikuwa naandika juu: Mwanahawa, msomee Mama polepole. Jina lako sikuliweka hata mara moja. Mwishoni nilikuwa naandika "wasalimie wote wanaoniuliza", nikijua kwamba wewe umo humo, na nikijua kwamba utajua nimekukwepa. Hii ni yako peke yako. Mimi niliishia darasa la sita, wewe ulisoma herufi za Kurani tu, kwa hiyo hata ungekuwa hai tungemhitaji binti yako huyo Mwanahawa akusomee. Leo acha tukae wawili.

Nina mengi ya kukueleza na sijui nianzie wapi. Nianze na kazi, maana kwenye kazi ndiko tulikokosana.

Huku ni baridi, Mjomba. Asubuhi nikipumua naona moshi unatoka mdomoni. Nina koti la mtumba lenye kofia, nalala nalo. Nafanya kibarua kwenye uwanja wa nyuma wa hospitali, tunajenga chumba kimoja kidogo, kidogo kuliko banda lako la kuku. Wa kutuongoza ni mwanamke, mhandisi aliyetoka Dar es Salaam, tunamwita Injinia. Kuna mashine pale hospitali inayosoma kichwa cha mtu mwenye kifafa. Inachora mistari kwenye karatasi, daktari anaitazama na kujua dawa. Shida ni kwamba nje ya ukuta wa hospitali umesimikwa mnara wa simu, na mbele kidogo upo wa redio, maana siku hizi kila mwenye mtaji anaruhusiwa kusimika wake. Mawimbi ya minara hiyo yanapita ukutani yanaivuruga mashine. Mistari inatetemeka yenyewe hata mgonjwa akiwa ametulia. Ulaya chumba cha namna hiyo wanakivika shaba kila upande. Shaba hiyo hospitali haiwezi kuinunua. Injinia akasema atajaribu kwa pumba za mpunga.

Ungecheka. Sisi tulicheka. Mbeya hii pumba zimejaa nyuma ya kila mashine ya kukoboa, mlima kwa mlima, watu wanachomea matofali. Mwenzangu Ambokile, kijana wa Tukuyu anayenichokoza tangu asubuhi mpaka jioni, alisema, "Mpwani, huku tunawapa ng'ombe na matanuru, leo tunazipa hospitali." Nikamwambia kwetu tunazipa nyumba. Hakuelewa, nami sikumweleza. Nilisikia aibu, Mjomba. Nakwambia ukweli. Nilikuwa bado naona aibu na kazi yako.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulichukua majivu kwenye matanuru ya matofali, yapo tayari, meupe kama unga, tukachanganya na saruji, tukapiga lipu nzuri iliyonyooka. Injinia akaingia na simu yake akafunga mlango wa chuma. Akampa Ambokile namba ampigie. Ikaita. Ikaita ule mlio wake wa kinanda, tukausikia sote tuliokuwa nje. Ambokile akasema, "Injinia, ukuta umeitika." Alicheka naye, lakini nilimwona jioni amekaa juu ya ndoo peke yake akiutazama ule ukuta. Alikuwa amebakiza wiki tano, halafu fedha ya jaribio lake inarudi ilikotoka na chumba kinakuwa stoo.

Nikamhurumia. Na kichwani nikawa nakusikia wewe.

Unakumbuka tulipokwenda Mloka, tembo walipobomoa ghala la yule mzee wa ufuta? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Uliniweka nichunge lundo la pumba linaloungua, katikati umesimamisha debe lililotobolewa matundu, moshi unatokea juu. Nikasinzia. Nilipoamka lundo limekuwa jeupe. Hukunipiga. Ulichukua kiganja kimoja ukanipulizia, yote yakaruka, ukasema, "Nyeupe imeshakufa, mpwa. Nyeusi bado ina kazi." Tukaanza upya. Ulinionyesha jinsi ya kugeuza kwa koleo kutoka chini, na wakati wa kumwaga maji, pale inapokuwa nyeusi ti na kabla ncha haijaanza kuwa kijivu. Wewe ulifanya hivyo kwa ajili ya mchwa na unyevu. Wala hatukujua kama ina kazi nyingine.

Basi nilimfuata Injinia. Nilimwambia, "Samahani dada, zile pumba zimeungua mno." Akaniuliza najuaje. Nikamwambia nina mjomba anakandika nyumba huko Rufiji, watu wanamwita Masizi kwa sababu mikono yake haitakati. Ilikuwa mara ya kwanza kukutaja tangu nifike huku. Akachukua daftari, akasema, "Rudia, mjomba wako anachomaje?" Nikarudia. Akaandika. Mjomba, msomi yule aliandika maneno yako kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. Akanieleza kwamba ile nyeusi ndiyo makaa yenyewe, na kwamba makaa yanayameza mawimbi, lakini yakiungua hadi meupe kinachobaki ni kama mchanga tu, hauzuii kitu.

Tukafanya kwa njia yako. Debe la matundu, moto chini, koleo. Udongo wa mfinyanzi nilikwenda kuuchagua mwenyewe bondeni. Nikaukanyaga pamoja na pumba nyeusi na chokaa kidogo, nikaufunika kwa majani ya migomba siku saba mpaka ukaanza kunuka, Ambokile akashika pua akaniuliza kama ndivyo tunavyopika huko Pwani. Siku ya nane ulikuwa laini kama ulivyokuwa ukiutaka, unaoshika mkono na kuachia. Tukakandika kwa viganja, safu juu ya safu, nje na ndani, hata dari. Unene wa vidole vinne. Chumba kikawa cheusi kama chungu. Ambokile aliacha kunichokoza siku ya pili ya kukandika. Aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kugeuza kiganja.

Nikawa na furaha, nami nikawa na mpango. Nilisema moyoni: jaribio likifaulu nitampigia Mjomba. Sitamwomba radhi mikono mitupu. Nitamwambia, kazi yako imejenga chumba cha hospitali Mbeya, na mimi ndiye niliyeikandika, nisamehe yale maneno. Nilitaka kwanza niwe na hakika. Hilo ndilo kosa langu, Mjomba, kubwa kuliko lile la kwanza. Ningeweza kukupigia siku ile ile Injinia alipopiga mstari kwenye daftari.

Yale maneno unayajua. Lakini niyaandike, yasijifiche. Tulikuwa kwenye nyumba ya Mama, umeshika ndoo, majirani wapo, na mimi nilikuwa nimetoka kubeba zege kwenye ile gesti mpya ya barabarani. Nikasema, "Mjomba, hii kazi ya kuchezea matope imekwisha. Ni ya watu waliokosa. Watu wanataka saruji." Uliweka ndoo chini. Ukafuta mikono kwenye msuli. Ukasema, "Haya, mwanangu. Saruji ikusitiri." Ukaondoka. Kesho yake nilipanda basi.

Sasa nifike Alhamisi ile uliyoondoka.

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, nimefunga. Injinia alitaka simu ikae ndani tangu asubuhi mpaka jua linapotua, kwa sababu mawimbi yanabadilika kutwa. Simu yenyewe ilikuwa yangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikishika mtandao kuliko zote. Niliingia nayo, nikafunga mlango. Vile vijiti vya mtandao kwenye kioo vikapungua, vitatu, kimoja, hakuna. Injinia alikuwa nje anapiga, anapiga. Kimya. Alipofungua mlango alikuwa anacheka na macho yana machozi. Akasema, "Njia yake imejibu, mwambie mjomba wako." Nikasema nitamwambia jioni.

Kutwa nzima nilikuwa humo na taa ya chemli, nazungusha simu ukutani, kila pembe, natia alama ya chaki palipo na ufa, naziba. Na adhuhuri nilitoka kuswali. Mjomba, nilitoka. Niliishika ile simu mkononi, nikafikiri, nikitoka nayo nitaharibu hesabu ya Injinia. Nikairudisha juu ya kigoda. Nikaenda kuswali kwa furaha, nikakuweka kwenye dua, nikarudi, nikafunga mlango tena.

Jua lilipokuchwa nikatoka nayo nikitafuta tende mfukoni. Ikaanza kutetemeka. Ujumbe mmoja juu ya mwingine, sikuwahi kupata ujumbe mwingi namna ile. Wa kwanza, wa Mwanahawa: Baba anataka kuongea na wewe, haraka. Halafu: Kaka Sudi pokea. Halafu: Mbona umezima simu. Nilikuwa nasoma huku nimeshika tende. Wa mwisho ulikuwa wa kaka Athumani, mwanao mkubwa. Uliandikwa: Baba kafa saa nane. Tumeshazika. Endelea na kazi yako.

Niliitia ile tende mdomoni kwa sababu sikujua nifanye nini nayo.

Nilipopiga, Athumani hakutaka kuongea nami. Nilimsikia tu nyuma akisema, "Mtu aliyemzimia baba yangu simu akija arobaini nitamtoa mlangoni." Mama akachukua simu akasema, "Baba, tulia. Usije sasa, hasira zina joto." Nilitulia. Sikuja. Watu wa hapa waliniuliza mbona siendi msibani, nikawaambia nauli. Nilikuwa na nauli. Niliogopa nyumba yako bila wewe, na niliogopa kwamba ulikufa umenikasirikia, na kwamba sasa hakuna wa kuniondolea. Mtu akifa na radhi yake, utaifuata wapi? Nilikandika ule ukuta wa nje mara ya mwisho nikilia, na machozi yakaingia kwenye udongo. Ambokile alijifanya hanioni.

Siku kumi na tano nilikaa hivyo. Idd ikaja nikaswali na watu nisiowajua, nikarudi nikalala.

Mchana wa Idd Mwanahawa akanipigia. Aliazima simu kwa muuza duka, akatoka nayo nje ili Athumani asisikie. Kwanza alinipa habari za maziko. Kwamba ulioshwa na Mzee wa msikitini, na mikono yako walisugua wakasugua, weusi wa kwenye kucha haukutoka, wakauacha. Kwamba mtani wako, yule Mmatumbi mwenye mguu mbovu, alikaa kizingitini akasema jeneza halipiti mpaka apewe ndoo yako ya udongo, maana ulikufa na deni la kumkandikia jiko. Wakampa. Akavaa ile ndoo kichwani mpaka makaburini, na watu waliokuwa wakilia wakacheka. Nami nilicheka, Mjomba, kwa mara ya kwanza.

Halafu akasema, "Kaka Sudi, kuna jambo sijawaambia wenzangu."

Akaniambia kwamba asubuhi ile ulimwomba akuwekee simu sikioni. Akapiga. Akatoka yule mwanamke wa kwenye mtambo, yule anayesema simu unayopiga haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye. Wewe hukuwahi kushika simu maisha yako. Ulisikiliza mpaka mwisho. Ukamgeukia Mwanahawa ukasema, "Sudi kaoa." Mwanahawa akataka kukueleza, akaona uso wako, akaacha. Ukasema, "Ana adabu. Anasema tafadhali." Ukamwambia apige tena.

Akapiga mara nyingi. Na kila alipotoka yule mwanamke ulikuwa unamwitikia. Mara ya mwisho uliongea naye. Mwanahawa ameyashika maneno yako, ameniambia neno kwa neno, nikamwomba arudie mpaka salio likakata. Ulimwambia:

"Hujambo mwanangu. Mimi mjomba wake. Usimwamshe kama amechoka, kazi ya kujenga inachosha. Mwambie ukuta wa mama yake upande wa kusini unadondoka. Athumani alitaka kuupiga saruji, nimemkataza. Huo ni wa Sudi, nimemwekea. Akija aukandike. Na wewe mlazimishe kula, huyo asipolazimishwa hali."

Kisha ukampa Mwanahawa simu, ukageukia ukutani.

Mjomba, sina mke. Yule mwanamke anamsemesha kila mtu. Lakini nimekaa siku kumi na neno hili, nimelia, nimecheka, sijui niseme vipi: ulimpa salamu zangu mtu ambaye hayupo, na salamu zimefika. Nilikuwa nangoja neno "nimekusamehe". Hukulisema, na halisemi mtu wa kazi zetu. Ulinitunzia ukuta. Hata mchwa uliwaacha waule, ili tu nikija nikute kazi yangu.

Mama naye alikusikia ukisema nimeoa, kaamini. Juzi kaniuliza kwenye simu, "Mkwe wangu ni wa kabila gani, mbona humleti?" Nitamweleza nikifika, ana kwa ana, halafu nitavumilia atakavyonicheka.

Athumani bado hajui. Mwanahawa alitaka kumwambia, nikamzuia. Nitamwambia mimi. Nitamwambia simu sikuizima, ilikuwa ndani ya ukuta niliokandika kwa mikono yangu, na kwamba adhuhuri niliishika nikairudisha. Sitaficha hilo la adhuhuri. Akinitoa mlangoni ana haki, wewe ni baba yake. Nitazunguka upande wa kusini, kwa Mama, nianze kazi. Ataniona kutoka kwake kila atakapopita.

Kuna jambo moja la kukufurahisha. Jumanne mashine imeingizwa chumbani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana mdogo wa Rungwe, anaanguka kila wiki, ameungua mkono kwa kuangukia jikoni. Walimlaza, wakambandika nyaya kichwani. Injinia akaniita nitazame kupitia mlangoni kabla haujafungwa. Alipotoka na karatasi, mistari ilikuwa imetulia, Mjomba, inapanda na kushuka taratibu, na mahali pamoja imeruka. Daktari akaweka kidole pale akasema, "Hapa ndipo." Mama wa yule msichana akauliza mbona chumba cheusi hivi. Nikamwambia ni pumba. Akanitazama kama nimemtania. Nikamwambia tena, ni pumba, mjomba wangu ndiye aliyenifundisha, fundi wa kukandika. Sikusikia aibu hata kidogo.

Injinia ameniomba nibaki, anataka kujenga kingine mkoa mwingine. Nimemwambia nitampa jibu nikitoka nyumbani. Ukuta wa Mama kwanza.

Nimekusomea Yasin mara tatu, nakosea mahali pale pale ulipokuwa ukinikosoa. Mola akupanulie ulipolala, akupe kivuli na hewa, na asikuhesabie kitu kwa ajili yangu. Nakuahidi mambo mawili tu, siwezi zaidi: sitaikana tena kazi yako mbele ya watu, na ukuta huo hautagusa saruji maadamu nina mikono.

Buriani, Mjomba wangu. Lala, sitakuamsha.

Mwanahawa ataanza kuloweka udongo Jumamosi ijayo ili ukae siku zake. Mimi naondoka Mbeya Ijumaa ya tarehe 25 kwa basi la alfajiri, nalala Dar es Salaam, na Jumamosi tarehe 26 alasiri nitashuka Ikwiriri, siku mbili kabla ya arobaini yako. Nitapita kaburini kwako kwanza, halafu kwa Athumani, halafu kwa Mama.

Mpwao,
Sudi